Maji ya Kabichi

Tusekile hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini asubuhi ile alipofunua chungu alikaa chini pu! akashika kichwa. Jana yake adhuhuri alikijaza kabichi iliyokatwakatwa mpaka ikafika mdomoni, akafunika, akaweka jiwe juu. Leo chungu kilikuwa nusu. Na hiyo nusu yenyewe ilikuwa inaogelea kwenye maji, wakati yeye hakutia maji hata tone.

"Ala!" alisema wifi yake Anyisile, aliyekuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono. "Wifi, kabichi imekwenda wapi?"

"Sijui."

"Na maji yametoka wapi?"

"Sijui, wifi. Haki ya Mungu sijui."

"Mh!" alisema Anyisile. Ilikuwa mh ndefu, ya mtu ambaye tayari anapanga ataanza kumsimulia nani.

Tusimseme vibaya Anyisile. Moyo wake ulikuwa mzuri, ukiugua atakupikia uji na kukuogeshea watoto. Ila mdomo wake, jamani! Neno ukimpa asubuhi hapo Ngonga, jua likisimama utosini wamekwisha kulijadili kule Ngana. Kwa hiyo kabla Tusekile hajanyanyuka pale chini, wifi alikuwa ameshika njia ya migombani kuelekea kwa baba yake.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Baba huyo, Mzee Ambilikile, alikuwa baba mkwe wa Tusekile, na kwa Wanyakyusa wa zamani zile za Wadachi mke wa mwana na baba mkwe walikuwa hawaonani. Si kwamba waligombana. Ilikuwa ndiyo heshima. Hawatazamani, hawasemezani, jina lake mwanamke halitamki, na wakikaribia kukutana njiani mwanamke anajitosa kwenye majani hata kama yana upupu. Ndiyo maana vijana walioa wakajenga kijiji chao, wazee wakabaki na chao, katikati migomba imesimama minene kama ukuta. Mchungaji Mdachi kule milimani aliwaambia Wakristo wake kwamba desturi hiyo imepitwa na wakati. Walimsikiliza kwa adabu sana, wakarudi nyumbani wakaendelea nayo. Mchungaji alikuwa haishi Ngonga, asingejua aibu ya kuiacha.

Lakini si kila kitu kilizuiwa na ile migomba. Chakula kilipita. Kuni zilipita, watoto walipita wakikimbizana, na moshi ulipita bila kumwomba mtu ruhusa. Habari za Anyisile ndizo zilizopita kuliko vyote. Tusekile peke yake ndiye hakupita. Toka aolewe msimu wa mpunga uliopita hajawahi kumwona baba mkwe wake, alijua kikohozi chake tu. Naye mzee hakuwahi kumtaja kwa lolote. Akitaka kumsema alisema "yule wa ng'ambo," basi. Hilo lilimuuma Tusekile kuliko alivyokubali. Alikuwa ametoka mbali, mtu wa milimani kwenye baridi, ameshuka bondeni kwenye joto na mbu, na kitu alichokitaka ni kuhesabiwa kuwa wa nyumba ile.

Na hiyo kabichi ndiyo ilikuwa njia yake. Kabla ya kuolewa alikuwa akifanya kazi jikoni kwa mchungaji, na mumewe Andongwisye alikuwa seremala wa kanisa huko huko. Ndiko walikoonana. Mwezi ule Andongwisye alikuwa amemaliza kutengeneza mabenchi, mchungaji akafurahi akampa mzigo wa kabichi, naye akateremka nao mpaka Ngonga akiwa amevunjika mabega. Mzee Ambilikile hakuwahi kuona mboga ya namna ile, jani ndani ya jani ndani ya jani. Alichagua moja, kubwa kupita zote, akaiweka juu ya kigoda nyumbani kwake ili watu waje kuitazama. Zilizobaki akaagiza zipikwe kama Wadachi wanavyozila, siku ya sikukuu ya mavuno aalike wazee wenzake.

Tusekile akajua la kufanya. Mama Mchungaji alikuwa na kawaida ya kukata kabichi nyembamba, kuitia chumvi na kuifunika kwenye chungu wiki nyingi mpaka ichachuke. Kazi ya Tusekile kule ilikuwa kukata tu, mengine mama mwenyewe aliyafanya na chungu alikifunga stoo akaondoka na ufunguo. Kwa hiyo alijua mwanzo na alijua mwisho. Katikati hakupaona. Na alijua mwisho kwa pua, kwa sababu chungu kile kikifunguliwa yeye alikuwa akitoka nje kwenda kupunga upepo.

Hata chungu alichotumia kilikuwa cha baba mkwe. Mzee alikinunua kwa Wakisi, wale wafinyanzi wanaokuja na mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa. Bei ya chungu kwao ni chungu chenyewe, unakijaza mpunga, mpunga wao, chungu chako. Ambilikile aliumwaga mpunga ule kwa mikono yake, na alijua tumbo la chungu kile kama anavyolijua lake.

Mchana Bibi Angetile alikuja kutoka upande wa wazee akijikongoja na fimbo. Bibi huyu alikuwa mama yake Ambilikile. Umri wake ulikuwa umemtoa katika mambo yote ya kujificha, alipita migombani atakavyo na alisema atakalo.

"Ugonile, mjukuu."

"Ngonile, bibi."

"Hujalala wewe, usinidanganye. Macho yamevimba." Bibi akakaa. "Haya, nimetumwa. Mwanangu anasema chungu chake anakijua. Anasema mtu anayekula nusu ya chakula cha mkwe na kujazia maji, kesho atatia maji kwenye maziwa. Na mwanamke wa kutia maji kwenye maziwa hakai hapa. Arudi kwao milimani akafundwe upya."

Kutia maji kwenye maziwa! Kwa watu wa ng'ombe hilo ni tusi lisilofutika, na hata watoto wako watakuja kuchekwa nalo.

"Mke wangu ale kabichi?" Andongwisye alilipuka kutoka mlangoni. "Bibi, huyu hata harufu yake hawezi! Kule kwa mchungaji alikuwa anakimbia nje!"

"Mume kamtetea mke," alisema Anyisile, ambaye alikuwa amekwisha kurudi. "Hilo nalo ni la ajabu?"

"Anyisile, nyamaza," alisema bibi. Akamgeukia Tusekile. "Mjukuu, umekula?"

"Sijala, bibi."

"Umetia maji?"

"Sijatia."

"Mimi nakuamini. Lakini imani yangu haivuki migomba. Nipe kitu cha kuvuka nacho."

Tusekile akaachwa peke yake na chungu. Kwa hasira akachovya kidole kwenye yale maji akalamba, kana kwamba anataka kuyauliza. Yalikuwa na chumvi. Hilo si ajabu, chumvi aliitia mwenyewe. Lakini chini ya chumvi palikuwa na utamu wa kabichi, utamu mzito. Maji ya mto hayana utamu huo. Akalamba tena. Maji haya hayakumwagwa juu ya kabichi. Yametoka ndani yake.

"Kitunguu!" Tusekile alisema kwa sauti, na kuku wawili wakaruka.

Kule kwa mchungaji palikuwa na hadubini, chombo cha shaba cha kutazamia vitu vidogo, na mchungaji aliipenda pengine kuliko mahubiri yake. Siku moja alimpokonya Tusekile kitunguu mkononi, akachuna kile kingozi cha ndani kinachopitisha mwanga, akakiweka chini ya kioo akamwambia tazama. Akatazama. Lo! Kulikuwa na vyumba, vyumba na vyumba, vimepangwa kama matofali. Watu wa leo wanaviita seli. Mchungaji akamweleza kwamba kila chumba kina ukuta wa nje, mgumu kiasi, ambao unapitisha maji na chumvi bila kuuliza. Ukuta huo si kitu. Mwenye nyumba ni kiutando kilichoushikilia kwa ndani, chembamba hata hadubini haikioni vizuri, na ndani yake maji yamejaa kama kwenye kibofu. Ndicho kinachochagua kipi kipite.

Kisha mchungaji akadondosha maji ya chumvi pembeni. Tusekile mwenyewe aliona vile vifuko vikianza kunywea, vikaachana na kuta, vikajikunyata katikati ya vyumba vyao. "Chumvi imejaa nje," mchungaji alisema, "nayo haiwezi kuvuka kiutando. Maji yanaweza. Basi maji yanatoka kuifuata, kwa sababu siku zote maji huelekea upande uliozidiwa na chumvi." Akadondosha maji matupu, chumvi ikasafishika, na vifuko vikajaa tena vikabana kuta zao. Tusekile alipiga makofi hata Mama Mchungaji akachungulia.

Mchungaji alimwambia mengine pia. Kwamba wataalamu kwao Ulaya wanadhani kiutando kile kina asili ya mafuta, maana vitu vinavyopatana na mafuta hupenya upesi. Pombe, kwa mfano, hupita bila hodi, na hilo alilisema kwa uso wa huzuni. Na kwamba kuna vitu vingine ambavyo kwa hesabu zao havikupaswa kupita kabisa, lakini vinapita. "Lazima yupo anayevishika mkono na kuviingiza," alisema. "Nani, simjui."

Tusekile aliyakumbuka yote hayo, akainuka akakung'uta nguo. Aliogopa bado, lakini sasa alikuwa na kitu cha kuvusha.

"Bibi," Tusekile alimwambia Bibi Angetile aliporudi, "mwombe akate ile kabichi yake ya kwenye kigoda."

"Mungu wangu! Ile?"

"Ile. Aikate mwenyewe, kwenye bakuli kavu. Atie chumvi kwa mkono wake. Kisha akae aitazame, na mtu asiisogelee. Mimi sitagusa kitu."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu, unataka kuniulia mtoto wangu."

Alivuka. Tusekile naye, na Andongwisye na Anyisile, wakajibanza migombani mahali ambapo majani yalikuwa manene, wakasikiliza. Kwanza walisikia "Hapana!" Kisha wakasikia sauti ya bibi. Kisha "Hapana" nyingine, ndogo kidogo. Yule mzee alikuwa ameizoea kabichi yake, kila siku anaigeuza upande mwingine ili wageni waione vizuri. Wazee wenzake walikuwa hapo, na mmoja wao, Hezroni, akasema kwa sauti, "Ambilikile, mboga hiyo imeanza kukauka. Utaizika au utaila?" Watu wakacheka. Ndipo wakasikia kisu.

Alikata nusu tu. Nusu nyingine akairudisha kwenye kigoda, uso wake wa ndani ukitazama ukutani isijionee aibu. Alipangusa bakuli la mti kwa kitambaa, akalipuliza, akawapitishia wazee walitie vidole kuhakikisha ni kavu. Akaweka kabichi, akatia chumvi. Kisha akaburuta kigoda kingine akaketi mbele ya bakuli na fimbo magotini.

"Hapa sasa hata nzi asitue," alisema.

Kungoja maji si mchezo. Hezroni alisinzia. Mzee mmoja alisema waende wakaangalie ng'ombe kwanza, akajibiwa kwamba atakayeondoka ndiye atakayesemwa kuwa ametia maji. Huku migombani siafu walimpanda Anyisile miguuni, akaruka mguu huu na ule, lakini hakuondoka. Asingekosa jambo lile hata kwa dawa. Tusekile alianza kuingiwa na shaka. Je, kama alikosea? Kitunguu si kabichi. Na yale ya mchungaji aliyaona mara moja tu.

"Inalegea," walisikia sauti ya Ambilikile.

Wakasikia fimbo ikigonga kigoda.

"Hezroni, amka. Amka nakwambia! Tazama hapa chini."

"Jasho," alisema Hezroni.

"Jasho la nani? Mboga inatoka jasho?"

Jua lilipokuwa linashuka kuelekea milimani mzee aliinamisha bakuli, na maji yakakusanyika upande mmoja, yakalia chwaa. Wazee wote waliinuka. Kabichi iliyokuwa imejaa bakuli ilikuwa imelala chini, nyembamba, imenywea. Ambilikile alichovya kidole akalamba. Akampa Hezroni naye akalamba.

"Nimekaa hapa mimi," alisema mzee polepole. "Macho yangu haya. Nani ametia maji?"

Hezroni akalamba kidole tena.

"Mama, mwulize wa ng'ambo. Imekuwaje?"

Bibi akaja migombani, ingawa kila mtu alikuwa anasikia kila kitu. Tusekile akamnong'oneza, bibi akaitikia kwa kichwa, akarudi katikati ya wazee akasimama kama mhubiri.

"Sikilizeni. Kabichi imejengwa kwa vyumba vidogo sana, na kila chumba kina ngozi ndani, imepakwa mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga. Maji ni kama wajukuu, yanaingia na kutoka. Chumvi ni mkwe! Inafika mlangoni inasimama, haiingii. Sasa chumvi ikiwa nyingi nje, wajukuu wote wanatoka kwenda kuona kuna nini. Chumba kinabaki kitupu, kinanywea. Mmeelewa?"

"Ukiiondoa chumvi?" aliuliza Hezroni.

Bibi hakurudi hata kuuliza. "Ukiiondoa mapema ukatia maji matupu, wajukuu wanarudi nyumbani. Wapi tena watakwenda?"

Sehemu ya mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga Tusekile hakuisema, wala ya wajukuu kwenda kuona kuna nini. Lakini aliona haina ubaya. Andongwisye alikuwa anamfinya mkono kwa furaha mpaka ukauma.

"Basi," alisema Ambilikile. "Maneno yamekwisha. Wa ng'ambo hana kosa." Kisha akaongeza, "Chungu kiendelee kukaa."

Anyisile alimshika Tusekile mabega. "Wifi, nisamehe. Nilikutangaza."

"Nenda sasa ukatangaze na hili," alisema Tusekile.

"Naanzia Ngana!" Na kweli alianza safari saa ile ile, huku anajikuna siafu.

Tusekile alifurahi, nani asingefurahi? Lakini jioni alipokuwa anakoka moto furaha ile ilikuwa na shimo katikati. Hana kosa, sawa. Bado alikuwa wa ng'ambo.

Wiki zikapita, sikukuu ya mavuno ikafika. Chungu kikabebwa kuvuka migomba, na huko uani kwa Ambilikile, mbele ya wazee wote, kikafunuliwa.

Aisee! Harufu ilitoka kama mtu aliyefungiwa. Huku migombani Tusekile aliziba pua kwa kanga yake, akasikia vigoda vikisukumwa nyuma. "La kuvunda halina ubani!" alisema Hezroni. "Ambilikile, ndugu yangu, hiki kimekufa. Kikazikwe." Mzee mwingine akasema Wadachi ndiyo maana wana hasira. Kila aliyegawiwa alisema ameshiba, mmoja akasema ana jino.

Tusekile alifumba macho. Kazi yote ile, chumvi yote ile, aibu yote ile. Sasa itarudi ng'ambo hii kama ilivyokwenda, na itachekwa kila mavuno mpaka azeeke.

Kisha akasikia kikohozi anachokijua, na sauti ya bakuli likichotewa. Alisikia mzee akitafuna, kru, kru, kru, bila haraka. Akameza. Akatafuna tena. Bakuli likakwanguliwa mpaka mwisho, kisha likawekwa chini.

"Mama," alisema Ambilikile. Hakuwa na haja ya kupaza sauti, bibi alikuwa amekaa karibu naye. Lakini alipaza, akageuza uso wake kuelekea migombani, na sauti ikapita kwenye majani yote yale kana kwamba hakuna kitu.

"Mama, mwambie mwanangu aliyeipika: ndaga fijo, asante sana. Na kama imebaki, aniongeze."

Bibi Angetile alishika fimbo yake, akajiinua, akaja mpaka migombani kuufikisha ujumbe. Alimkuta Tusekile amekaa chini pu! kama ile asubuhi ya kwanza, analia na kucheka kwa pamoja, kanga imeanguka na pua ameisahau.

"Umesikia?" aliuliza bibi.

"Sijasikia, bibi," alisema Tusekile. "Niambie wewe."